Mlango Nilioufunga Siku ya Ndoa ya Chantal

Nilipaswa kukataa. Nianzie hapo, vijana wangu, msije mkasoma kurasa hizi mkidhani mzee Hamisi anajisifu. Jumamosi moja asubuhi, vita vikiwa vimeshika kasi hapa Bujumbura, baba wa bibi harusi aliniinamia sikioni akaniomba nifunge mlango wa ofisi kabla sijaanza kufungisha ndoa. Nikaufunga. Sikutishwa, sikupewa kitu. Niliombwa kwa adabu na mtu niliyemheshimu, nami nikatii.

Najua mtauliza: mlango tu? Ndiyo, mlango. Ninyi mnaoanza kazi ya état civil, yaani ofisi inayoandika vizazi, ndoa na vifo, mtakuta katika sheria kwamba ndoa hufungishwa hadharani. Neno hilo mtalipita haraka kwa sababu halina karatasi yake. Cheti cha kuzaliwa unakishika mkononi. Mashahidi unawaona wamekaa. Umri unauhesabu: mwanamume awe ametimiza ishirini na mmoja, mwanamke kumi na minane. Lakini hilo neno hadharani unalishikaje? Unalishika kwa kuacha mlango wazi, ili mpita njia yeyote mwenye neno juu ya wawili wale aingie aliseme kabla hujatia sahihi.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Leonidas, aliyekuwa akifungisha ndoa kabla yangu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu. Nilimaliza sekondari, nikaajiriwa ukarani kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Yeye alikuwa Mkatoliki wa Gihosha, mrefu, mpole, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua la saa saba. Siku yangu ya kwanza aliniuliza ndoa inahitaji nini. Nikamtajia karatasi zote, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayesoma sala. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini kuna rimu ya gari sakafuni pale mlangoni. Nikasema labda fundi aliisahau. Akacheka mpaka akakaa. Rimu ile aliiweka yeye mwenyewe, upepo wa ziwani usije ukaufunga mlango katikati ya ndoa.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba ridhaa lazima itoke katika kinywa cha mwenyewe. Hili nililiona kwa macho yangu. Alikuja msichana wa Musaga na ukoo mzima, shangazi akiwa amemkalia karibu mpaka mabega yanagusana. Mzee alipomuuliza kama anamkubali mwanamume yule, shangazi akajibu, “Ndiyo, anamukubali.” Mzee akaweka kalamu chini. Akamwomba shangazi ahamie benchi la nyuma, karibu na dirisha, apate hewa. Shangazi akasema hewa inamtosha. Mzee akangoja, mikono mifukoni, mpaka mama wa watu akainuka mwenyewe. Kisha akamgeukia msichana.

“Sasa sema we mwenyewe, mutoto wangu. Shangazi yako si yeye anaolewa.”

Msichana akainua uso. “Apana, baba,” akasema. “Mi sitaki.”

Kelele zilizofuata sitazisimulia. Ninachokumbuka ni kwamba msichana aliomba maji, akanywa kikombe kizima bila kupumua, akashusha mabega kama mtu aliyetuliwa gunia la mihogo. Mzee aliniambia jioni nijifunze kuutambua uso ule.

Na kucheka tulicheka. Desturi yetu ni maharusi kushika bendera ya taifa kwa mkono wa kushoto na kuinua wa kulia wakati wa kutamka maneno. Bwana harusi mmoja, fundi magari, aliinua yote miwili, bendera ikamfunika uso, akaapa akiwa humo ndani. Nikamrudishia maneno upya. Mke wake akasema amefurahi kusikia mara mbili. Baba mdogo mwingine alikataa kutia sahihi ya ushahidi mpaka niandike idadi ya ng'ombe waliotolewa. Nikamweleza kwa upole kwamba mahari ni jambo la heshima kati ya familia, lakini sheria haiihesabu miongoni mwa masharti ya ndoa. Akanitazama kwa huruma. “Basi iyo sheria yenu,” akasema, “ilitungwa na mutu hajaoa.”

Mimi nami nilipata mitihani ya nyumbani. Ami yangu wa Buyenzi alitaka nimwandikie mke wa pili. Kwa shehe alikuwa amemaliza yote, kilichobaki ni muhuri wangu. Nikamwambia, ami, mbele ya Mungu utajieleza mwenyewe, lakini mbele ya meza hii mwanamume ana mke mmoja. Alininunia Ramadhani nzima. Siku ya Idi akanitumia sahani ya sambusa, nikajua yamekwisha. Nalitaja hili makusudi. Ami yangu wa damu nilimkatalia. Kumbe kukataa nilikujua.

Vita vilipoingia, kazi yetu ilibadilika sura. Mzee Leonidas alikuwa amestaafu, na mkubwa wetu alinikabidhi madaraka ya kufungisha ndoa kwa maandishi. Siku za ville morte, mji ulipofungwa na vijana waliotega barabara kwa mawe na matairi yanayowaka, ndoa ziliahirishwa. Barabara zikifunguliwa, watu walikuja kwa mkupuo. Namkumbuka bibi harusi wa Kamenge aliyepita vizuizi vyote vya askari akiwa na gauni lake ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya majani ya lengalenga, huo mchicha wetu, akijifanya anakwenda sokoni. Alibadilisha nguo katika chumba chetu cha masjala, akatoka mweupe kama maziwa, jani moja limebaki nyweleni. Hakuna aliyelitoa. Tulikuwa na furaha mno kwamba amefika.

Tatizo kubwa lilikuwa karatasi. Ofisi nyingi za komuni, yaani wilaya za mikoani, zilichomwa pamoja na vitabu vyake vyote. Mtu anakuja na mwili wake tu, hana cha kuonyesha kwamba alizaliwa. Sheria haikumwacha: mashahidi wanaomfahamu wanaweza kuapa kuhusu kuzaliwa kwake, na tamko lao likasimama mahali pa cheti. Hapo ndipo ufundi unapohitajika. Usiwaulize mashahidi pamoja. Mwite mmoja mmoja, umuulize vitu vidogo: nyumba yao ilitazama wapi, kisima kiko juu au chini ya njia, nani alikuwa na redio. Wakijibu kwa maneno yaleyale, wamefundishwa njiani. Wakibishana kidogo juu ya kisima, waandike, hao wanapajua.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi yangu.

Bibi harusi alikuwa Chantal, binti wa Mzee Leonidas. Ndiyo, aliyeniomba nifunge mlango ni mtu yuleyule aliyeuwekea rimu. Bwana harusi aliitwa Gerard, mwalimu wa shule ya msingi, mtaratibu, aliyekimbia kwao mkoani baada ya mlima wao, yaani kijiji chao, kushambuliwa. Komuni yake ilikuwa imechomwa, hivyo tangazo la ndoa halikuweza kubandikwa kule. Tulilibandika kwetu tu. Mashahidi wake wawili waliapa kwamba hajawahi kuoa. Sikuwatenganisha. Niliona aibu kumhoji mkwe wa mwalimu wangu kama mwizi.

Gerard na Chantal hawakuwa wa kabila moja. Siku zile hilo lilitosha kuwatia watu kiwewe. Asubuhi hiyo kulikuwa na uvumi kwamba vijana wenye grenedi, yale mabomu ya mkono, wamesikia habari ya ndoa na wanakuja kuivuruga. Wageni waliotoka Musaga walifika nusu yao tu. Wengine waligeuza njiani. Mzee akanivuta pembeni.

“Hamisi, funga iyo mlango.”

Nikamwambia, Mzee, sheria.

“Sheria najua, mi ndo nilikufundisha. Leo naomba kama baba.”

Nilikuwa na la kumjibu. Ningeweza kusema tungoje wiki ijayo, watoto hawazeeki kwa wiki moja. Ningeweza kumwomba mkubwa wetu askari wawili wasimame nje, tuliwahi kufanya hivyo. Hayo yote yalinijia baadaye, nikiwa nimelala chali. Wakati ule niliona macho yake tu. Nikaisogeza rimu kwa mguu, nikasukuma mlango, nikatia komeo. Nyandwi, mzamu aliyelinda ofisi yetu, nikamwambia abaki nje, asiruhusu mtu.

Nilikuwa nimeshamuuliza Gerard, naye amekubali. Nikamgeukia Chantal. Hapo mlango ukagongwa.

Haukugongwa kwa nguvu. Ulipigwa kwa kiganja, pole pole, kama mtu anayebisha nyumbani kwa jirani mwenye mgonjwa. Lakini sisi ndani tulisikia grenedi. Mama yake Chantal alishika rozari. Shahidi mmoja alichuchumaa nyuma ya kabati. Mlango ukagongwa tena. Nilitazama komeo, nikamtazama Mzee, naye akatikisa kichwa. Nikashusha sauti, nikamuuliza Chantal kwa kunong'ona, akajibu kwa kunong'ona, nikatangaza kwa jina la sheria kwamba ni mume na mke kwa sauti ambayo hata benchi la pili halikuisikia. Tukatia sahihi. Tulipofungua, nje palikuwa kimya. Nyandwi akasema ni mama mmoja tu wa shamba, mwenye matope mpaka magotini, naye amemwambia arudi Jumatatu. Ah, jinsi tulivyoshusha pumzi. Tulicheka, tukakumbatiana, Mzee akanishika mkono hakutaka kuuachia.

Jumatatu yule mama akarudi. Alikaa kwenye benchi na mtoto wa kike aliyelala mapajani. Jina lake Goreti. Akaniambia kwa sauti ya kuchoka kwamba alisikia kambini kwa waliokimbia makwao, kutoka kwa mtu aliyesoma tangazo letu ubaoni, kwamba Gerard anaoa. Amekuja kusema kwamba Gerard ni mume wake.

“Niligonga, bwana,” akasema. “Muliniacha nje.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kujificha.

Nilituma mtu amwite Gerard shuleni. Aliingia akipangusa chaki mikononi, akamwona Goreti, akasimama. Kisha akakaa chini sakafuni, akamshika mtoto miguu yote miwili, akaanza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. Aliwadhani wamekufa. Alikuwa ameambiwa na watu wa mlimani kwake kwamba nyumba iliteketea na waliokuwemo. Aliomboleza peke yake, hana kaburi. Alipompenda Chantal alijua kwamba mjane wa kiume anatakiwa aonyeshe cheti cha kifo cha mke, na cheti hicho kisingepatikana popote kwa kuwa ofisi ya kwao ilikuwa majivu. Akaona njia fupi: kusema hajawahi kuoa. Na rafiki zake wawili, kwa huruma, wakaapa. Nawaambia, vijana, wakati wa vita uongo mwingi niliouandika uliletwa na watu wema waliochoka.

Ningefanya nini? Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya ofisi, na sitawaficha, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa shukrani. Mwaka ule tulikuwa tukiandika vifo mpaka kalamu zinakauka. Hapa palikuwa na mama na mtoto waliohesabiwa wafu, wamekuja kwa miguu yao. Kitu cha pili nilichohisi ni komeo la mlango, baridi yake kwenye vidole vyangu.

Maana angalieni. Kama mlango ungekuwa wazi Jumamosi ile, Goreti angeingia. Angesema alilokuja kusema kabla Chantal hajajibu. Ningesimamisha shughuli, kama sheria inavyoagiza, tungelia sote siku hiyo, tungerudisha chakula nyumbani. Chantal angerudi na baba yake kama alivyokuja. Badala yake alikwenda kwa Gerard. Na kabla shauri halijafika mahakamani alikuwa na mimba.

Kilichokuwa mizanini sasa ni mtoto huyo. Ndoa ya Chantal isingesimama, hilo kila mtu alilijua, kwa kuwa ya Goreti ilitangulia na watu wawili wa mlimani kwao walikuja kuithibitisha. Lakini sheria ina mlango mwingine mdogo: mtu aliyeingia katika ndoa batili kwa nia njema, bila kujua, hapotezi haki zake za siku zilizopita, na mtoto wake anabaki mtoto halali mwenye jina la baba. Mwanasheria wa baba mdogo mmoja wa Gerard, aliyekuwa na jicho lake kwenye shamba la ukoo, akalishika suala la mlango. Ndoa ya mlango uliofungwa, alisema, ni ndoa ya siri, na wanaofunga ndoa kwa siri wanajua wanachoficha. Kwa hiyo binti huyu alijua. Kwa hiyo nia njema hakuna.

Jaji akanisimamisha. Akaniuliza mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Nikajibu umefungwa. Akaniuliza nani aliagiza ufungwe.

Mzee Leonidas alikuwa amekaa mstari wa pili, na koti lake. Nilijua nikimtaja, watasema familia ya bibi harusi ndiyo iliyotaka siri, na nia njema ya Chantal itazama. Pia ni kweli kwamba hakuwa na haki ya kuagiza chochote katika ofisi ile. Alikuwa mgeni wa harusi. Muhuri ulikuwa wangu.

“Mimi,” nikasema. “Niliogopa grenedi. Bibi harusi hakuniomba kitu.”

Jaji akaniuliza kama hakuna mwingine aliyeniomba. Nikarudia kwamba ofisa ni mimi na aliyeufunga ni mimi. Yote mawili ni kweli. Mnaweza kusema nilikwepa, na mtakuwa sawa.

Mahakama ikabatilisha ndoa, ikasema Chantal aliingia kwa moyo safi. Mtoto, akizaliwa, atabeba jina la Gerard na haki zote. Sijui niwaelezeje ile pumzi iliyotoka chumbani. Mama yake Chantal alipiga magoti palepale kati ya viti. Goreti, ambaye hakuna aliyemtegemea, alivuka chumba akamshika Chantal tumbo kwa kiganja, akamwambia kwa Kirundi kwamba binti yake amepata ndugu. Mimi nilijiona kama mtu aliyeruka mtaro akagundua kwamba ameshafika upande wa pili.

Nje, chini ya ngazi, Mzee aliningoja. Nilidhani atanishukuru. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumkatiza asishukuru sana.

“Mi nilikuomba kama baba,” akasema. “We ulipaswa kunijibu kama ofisa. Na leo umenibeba mbele ya watu wote kama mutoto muchanga.”

Nikasema, Mzee, nilikuheshimu.

“Ungeheshimu nilichokufundisha.”

Akavaa kofia yake akaenda. Sikumfuata. Hakukosea.

Watu waliendelea vizuri, nalisema hili kwa moyo mweupe. Gerard na Goreti walipata watoto wengine, na Gerard alilipa karo ya mtoto wa Chantal bila kukumbushwa. Chantal aliolewa tena amani ilipokaribia, na ofisa aliyenirithi aliniambia kwamba bibi harusi mwenyewe, kabla ya kukaa, alikwenda kuangalia kama mlango uko wazi sawasawa. Nilifurahi siku nzima. Nikikutana naye mjini hunisalimu “shikamoo baba Hamisi,” na mwanaye sasa ana ndevu. Nikifikiria yote ambayo yangeweza kutokea, mwaka ule, katika mji ule, nalala usingizi wangu vizuri.

Lakini nilianza na kosa, na bei yake lazima niitaje. Wiki moja baada ya hukumu mkubwa wetu alininyang'anya madaraka ya kufungisha ndoa, na alikuwa na haki. Sikufungisha nyingine tena. Niliandika vizazi na vifo mpaka nilipostaafu. Binti zangu walifungishwa ndoa na mtu mwingine, kwenye meza yangu, nami nimekaa upande wa wazazi. Na Mzee Leonidas hakuwahi kunisemesha tena. Nilikwenda Gihosha kila Noeli. Mkewe alinipokea, akanipa chai, Mzee mwenyewe akabaki chumbani mpaka niondoke. Alipofariki, Chantal alikuja ofisini kutangaza kifo, na karani wa vifo nilikuwa mimi. Nikaandika jina lake kamili, kazi yake, tarehe, nikampa Chantal mahali pa kutia sahihi. Hiyo ndiyo bei: kazi niliyoipenda kuliko zote, na mtu aliyenifundisha kuipenda.